Moshi Wao, Msitu Wetu

Ndugu zangu mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, leo naomba tuzungumze hesabu. Mimi ni mchumi, hesabu ndiyo ugali wangu, na hii biashara ya kaboni inayopigiwa debe kila kukicha ina hesabu zisizokubali.

Nianze na hapa Al Qusais ninapoishi. Upande wetu huu kuna jaa ambalo kwa miaka mingi lilibeba taka za Dubai. Harufu yake waulizeni wakongwe wa mtaa. Taka zikioza hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Wakachimba visima, wakatia mabomba, gesi ikavutwa na kuchomwa, nyingine ikazalisha umeme. Wapende au wachukie matajiri wa hapa, lakini gesi ya bombani inapimika. Kilichopunguzwa kinasomeka.

Njoo sasa kwenye misitu. Muuzaji anasema: bila mradi wangu miti ingekatwa, kwa kuwa haikukatwa, nilipeni. Hiyo "ingekatwa" ndiyo bidhaa yenyewe! Agosti 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa miradi 26 katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Wataalamu wakakuta mingi haikupunguza ukataji miti kwa kiasi cha maana, na ile iliyopunguza, ilipunguza kidogo kuliko ilivyodai. Sisi tunaojua wafanyakazi hewa hatuwezi kushangaa kusikia kaboni hewa.

Mwaka huohuo 2023, kabla ya mkutano wa COP28 hapa Dubai, kampuni ya Blue Carbon ya hapahapa, ambayo mwenyekiti wake anatoka katika ukoo unaotawala, ilitia saini hati ya makubaliano na Tanzania juu ya hekta zipatazo milioni 8 za misitu. Hiyo ni kama asilimia 8 ya nchi! Zimbabwe ilikuwa asilimia 20. Kenya nayo ikasaini Oktoba. Jamani, ni mwanakijiji gani aliyesomewa hati ile kabla ya kalamu kushikwa?

Mtaniambia napinga maendeleo. La hasha. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wameuza kaboni kwa zaidi ya miaka kumi na faida wanaiona, kwa sababu ardhi wana hati yake na mkataba wanaujua. Huo ndio mfano. Msitu wa mtu asiyeulizwa ni kitu kingine kabisa.

Sasa nije nyumbani kwangu. Mke wangu na watoto wako Tanga. Tangu nianze kutuma dirhamu za mtungi wa gesi wa kilo 15, gunia la mkaa halijaingia jikoni. Huo ni moshi uliopungua kweli, unahesabika kwa magunia, na hakuna aliyemlipa mama watoto hata thumni. Zidisha kwa kila nyumba inayopikia fedha za ughaibuni. Hesabu hiyo haimo katika hati yoyote.

Kila baada ya miaka miwili napanda ndege kwenda kuwaona. Nikikata tiketi mtandaoni naulizwa kama nataka kuongeza fedha kidogo kufidia moshi wa safari yangu. Fedha hiyo ikienda kwenye miradi ya namna ile, maana yake ni kwamba mimi nisafiri roho nyeupe, na mama mkwe wangu kule Handeni azuiwe kuokota kuni. Yeye ambaye hajawahi kuukanyaga mlango wa ndege!

Basi waheshimiwa wanaokuja Dubai kusaini watujibu matatu: bei ya tani ni kiasi gani, kijiji kinapata fungu gani, na mkataba ni wa miaka mingapi. Wakimaliza vikao vya hotelini wapande metro ya laini ya kijani mpaka Qusais. Chai ya karak tutawanunulia sisi.