Kabla ya kuweka vyuma vya meno, uliza nani atavikaza

Kijana wa Wote au Kitui mjini akipiga selfi siku hizi, meno ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Vyuma vya meno, ambavyo zamani tulidhani ni vya watoto wa matajiri wa Nairobi, sasa ni gumzo hata huku kwetu. Hatuoni ubaya. Ukambani hatukuanza jana kujali meno: wazee wetu walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na huo ndio uliokuwa urembo wa enzi zao.

Tatizo letu ni moja. Wengi wanauliza bei ya kuwekwa vyuma. Wachache wanauliza gharama ya kurudi kliniki.

Elewa kwanza kazi yenyewe. Vibati vidogo hugandishwa kwenye meno, waya ikapitishwa juu yake. Waya hiyo husukuma jino polepole. Mfupa wa upande mmoja huyeyuka, wa upande wa pili ukajengeka upya. Kazi hiyo haitaki pupa. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na kila baada ya wiki nne hadi nane sharti daktari akague na kukaza.

Sasa piga hesabu. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi. Kutoka Kitui mjini ni kilomita 160 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ukienda mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili, umesafiri zaidi ya kilomita 7,000. Ongeza nauli na siku za kazi au masomo ulizokosa juu ya bei ya vyuma, ambayo mara nyingi huvuka laki moja.

Hapo ndipo mtu hukwama. Doh inaisha, msee anaacha kwenda kliniki, lakini vyuma vinabaki mdomoni. Chakula kinajificha, fizi zinavimba, meno yanaoza kuzunguka vibati. Ulitaka meno yaliyonyooka, unabaki na meno yaliyotoboka.

Kisha kuna wale wanaouza vyuma vya urembo mtandaoni kwa bei ya kutupa. Usikubali. Anayekugandishia vyuma bila eksirei na bila kukagua fizi anacheza na mizizi ya meno yako, na jino la ukubwani likitoka halioti tena. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina sajili unayoweza kuangalia kwa simu yako, na leseni huhuishwa kila mwaka. Tafuta jina kabla hujatoa hata shilingi. Ukiona haya kuuliza, kumbuka mdomo ni wako.

Lipo pia suala la rangi. Baadhi ya visima vya kuchimbwa huku Ukambani vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaundwa, huota na madoa ya kahawia. Vyuma hunyoosha tu, haviondoi madoa. Mwambie daktari hali hiyo mapema, kwani meno yaliyoathirika sana huenda yasishike gundi vizuri, na madoa yana tiba yake tofauti.

Ukishawekwa, kazi ni yako. Piga mswaki kila baada ya kula, pia chini ya waya. Usisingizie uhaba wa maji, kikombe kimoja kinatosha. Ndengu na muthokoi ulioiva vizuri havina neno. Mahindi ya kuchoma, miwa na njugu ngumu viache kwanza, vitang'oa vibati. Embe la Makueni likate vipande kwa kisu, usiling'ate. Waya ikikuchoma shavu, weka nta uliyopewa kliniki na upige simu. Usiikate mwenyewe kwa koleo. Na vyuma vikitolewa, vaa kifaa cha kushikilia meno kama utakavyoagizwa, la sivyo meno yatarudi yalikotoka na pesa zako zimeenda.

Lakini si haki kumwachia kijana mzigo wote. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali zake. Makueni ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanzisha MakueniCare, familia ikijisajili kwa Sh500 kwa mwaka. Hatuombi vyuma vya bure. Tunaomba kaunti hizi mbili zishirikiane kumleta daktari bingwa mmoja, siku moja kwa mwezi Wote na nyingine Kitui, ili wanaohitaji kukazwa wasisafiri hadi jijini. Mtoto ambaye meno yake yamepishana hadi hatafuni vizuri hafuati fasheni, ni mgonjwa kama wengine.

Hadi siku hiyo ifike, swali la kwanza kliniki lisiwe "ni pesa ngapi?" Uliza: "Nani atanikaza, wapi, na kwa muda gani?" Usipopata jibu, rudi nyumbani na uendelee kuweka akiba. Meno yaliyopinda yanaweza kusubiri mwaka mmoja.