Binti Yako na Mpira wa Pete

Mama mmoja wa hapa Kalinzi ameniuliza kama ni dhambi binti yake, mfungaji wa timu ya shule, kukaa kimya amefumba macho akijiona akitia mpira kwenye pete. Jirani amemwambia huo ni uchawi.

Si uchawi. Cha kuogopwa ni hirizi ambazo baadhi ya wazazi huwatafutia watoto wakati wa UMITASHUMTA. Anachofanya binti ni zoezi la ubongo, nao ubongo tumepewa na Mungu. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu waliokuwa wakijifunza zoezi la piano. Waliojizoeza kwa mawazo tu, saa 2 kila siku kwa siku 5, walifikia kiwango cha waliopiga kwa vidole siku 3, na sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa makundi yote mawili. Hata wagonjwa wa kiharusi husaidiwa kwa njia hii, pamoja na mazoezi ya viungo.

Huko Beijing mwaka 2008, miwani ya mwogeleaji Michael Phelps ilijaa maji katikati ya shindano la mita 200, asione kitu. Kocha wake alikuwa amemzoesha kuliogelea shindano zima kichwani, pamoja na matatizo yake. Akahesabu mipigo ya mikono, akapata dhahabu kwa rekodi ya dunia, dakika 1:52.03.

Basi binti na atulie dakika 5 hivi. Auhisi mpira mikononi, amwone mlinzi aliyenyoosha mikono, aitazame pete mita 3.05 juu, arushe kwa mwendo wa kweli ndani ya zile sekunde 3 za kanuni. Uwe mtupo anaoujua tayari. Asijione akikosa, maana picha hiyo nayo hufanya kazi. Kwa hiyo nawe mama ukiwa kando ya uwanja usipige kelele "Usikose!" Mwambie, "Tazama pete!"

Ila mawazo peke yake hayatoshi. Lazima aushike mpira. Na hapa tuseme kweli: jioni kaka zake wako uwanjani, yeye anangojwa na ndoo na kuni. Pangeni zamu. Jumanne na Alhamisi kaka achote maji, binti aende mazoezini.