Somo la Kompyuta Lisisomwe kwa Upweke

Mwaka 2012 chuo cha MIT cha Marekani kilifundisha somo la saketi na elektroniki kwa njia ya intaneti, bila ada. Walijiandikisha watu wapatao 155,000. Waliopata cheti ni 7,157, yaani hawakufika watano katika kila mia. Masomo ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, kama CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard, nayo yako wazi kwa kila mtu. Bila shaka wengi huja kutazama tu. Lakini wapo wenye nia ambao hukwama kwa kosa dogo la programu, wakakosa wa kumwuliza, wakaacha.

Kwa maoni yetu, dawa ni kusoma kwa vikundi. Wanafunzi watano washirikiane kompyuta moja, wakutane kila juma na mwalimu, hata kama naye angali anajifunza. Mengine huhitaji karatasi tu. Chukueni orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kialfabeti: ukiigawa nusu kwa nusu, jina lolote hupatikana kwa hatua zisizozidi 10. Mwanafunzi awezaye kumweleza mwenzake sababu yake ameanza kuielewa sayansi hii. Walimu, anzeni na orodha ya shule yenu.