Nikirudi Nyuma, Nirudi na Ngapi?

Kila podikasti ya Nairobi siku hizi ina swali lake la kufungia. Mgeni ameshaeleza alivyoanza na shilingi mia mbili, chupa ya maji imeisha, halafu mwenyeji anainamia maikrofoni: "Ukipewa mashine ya wakati, urudi ukiwa na miaka ishirini, ungejiambia nini?" Mgeni anacheka kidogo. Jibu ni lile lile. Ningenunua hisa za Safaricom 2008. Ningechukua ploti Thika Road kabla ya barabara kupanuliwa. Ningeachana na marafiki fulani.

Hilo swali nimelichoka, na si kwa sababu mashine haipo. Hata ingekuwepo, inauza kitu ambacho wengi wetu hatukukosa. Inauza habari.

Chukua hizo hisa. 2008 ziliuzwa shilingi 5 kila moja. Watu walipiga foleni, wengine na pesa za mkopo, na maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hivyo wengi waligawiwa kidogo tu ya walichoomba. Mwaka uliofuata hisa ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Kurudi pale 5 ilichukua muda. 2021 ikapita 40, na kufikia 2023 ilikuwa tena chini ya 20. Sasa wewe msafiri umerudi 2008 ukijua haya yote. Vizuri. Utakula nini hadi 2021? Aliyeuza kwa hasara 2009 hakuwa mjinga. Pengine alikuwa na mgonjwa, ama benki ilikuwa inamdai. Mtumie ujumbe kutoka kesho, mwambie avumilie miaka kumi na miwili, uone kama hatakuuliza atavumilia akilala wapi.

Na tukirudi sote na hiyo siri, ploti itauzwa bei gani? Ama mwenye shamba peke yake ndiye hatapanda mashine?

Lakini hisa na ploti ni stori za watu wa suti. Kinachoniudhi zaidi ni vile mashine hii inauzwa sasa kwa maamuzi madogo madogo ya kila siku: kabla hujatoa pesa, jiulize wewe wa miaka kumi ijayo atasema nini. Sawa. Ni saa moja jioni, niko kwenye kioski, nina mia moja. Nanunua mafuta ya kupimiwa, sukari ya kumi, unga wa kupimiwa pia. Najua lita nzima ni nafuu. Kila mtu kwenye hiyo foleni anajua, na mwenye kioski ndiye anayejua zaidi. Nirudishe Jumanne iliyopita na elimu yote ya dunia, nitafika hapo hapo na mia ile ile. Na yule mimi wa miaka kumi ijayo? Nimemwona kwenye hizo podikasti. Ameshiba.

Nikubali kitu kimoja, nisije nikaitwa mbishi bure. Kuna mahali huu mchezo unafanya kazi. Saa sita usiku, kidole kiko juu ya ujumbe wa kumtumia mtu mliyeachana, ukijiuliza kesho asubuhi utajionaje, unaweka simu chini. Imeniokoa zaidi ya mara moja. Inaokoa pale ambapo kinachokuponza ni hamu yako mwenyewe. Wanaouza ushauri wanachukua hiyo mifano ya hamu wanaibandika juu ya umaskini, eti ni kitu kimoja.

Mimi huulizwa kuhusu chuo. "Ukirudi nyuma, ungemaliza?" Mwalimu wetu wa Kiswahili angewasahihisha: ungalimaliza. Alitufundisha kwamba -nge- ni ya mlango ambao bado unaweza kufunguka, -ngali- ni ya ule uliokwisha kufungwa. Mtaani -ngali- tumeizika kitambo, kila kitu ni -nge-, ndiyo maana watu wanaongea na maisha yangu kama bado wanaweza kuyaingia na kupanga viti.

Haya, turudi. Ni Januari, mwaka wangu wa tatu. Kwenye simu nina elfu thelathini, karo ya muhula. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu anaripoti Kidato cha Kwanza. Mama ameshapata sanduku la bati na godoro kwa mkopo wa chama, karo hana. Hakuniomba. Alikaa tu kitandani akikunja upya sare ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Nikatuma zote. Nilijua bila karo hakuna mtihani, na nilijua wanaosema "nitarudi muhula ujao" huwa wanaenda wapi. Hakuna mtu kutoka kesho ambaye angeniambia kitu kipya siku hiyo, labda kama angekuja amebeba elfu thelathini nyingine.

Kuna filamu ya Richard Curtis ya 2013, About Time, ambapo kijana anarudi nyuma kurekebisha mambo ya kila siku. (Ni wanaume tu wa ukoo wao wenye huo uwezo, hilo nalo lina siku yake.) Mara moja anarudi kumwokoa dada yake, na akifika nyumbani anakuta binti yake hayuko, kuna mtoto mwingine wa kiume. Inabidi atengue alichotengeneza. Wengi huitazama hiyo sehemu kama mchezo wa kubuni. Mimi yule mtoto anayefutwa ninamjua. Sasa anatengeneza friji Eldoret, na koti langu zuri amekataa kulirudisha.

Kwa hivyo nyinyi wenye maikrofoni, ulizeni tu. Lakini kabla mgeni hajajibu, mwongezeeni la pili: siku hiyo ulikuwa na ngapi mfukoni, na nani mwingine alikuwa anazingojea?