Yaya si mtumishi: mashine isiandike peke yake maneno ya wakimbizi wa Tshopo

KISANGANI – Mama aliyekimbia kijiji chake upande wa Ubundu akisema mbele ya mwandishi wa orodha, «Yaya alibaki kule, muhindi yote iliungua, na bwana hatumiki tena», kila mtu wa Kisangani anaelewa. Ndugu yake mkubwa hakufika. Mavuno ya shamba yameteketea. Mume hana kazi.

Lakini maneno hayo hayo yakifika pwani yanabadilika sura. Kule, yaya ni mwanamke anayelipwa ili alee watoto wa watu. Mhindi ni mtu wa India. Kutumika ni jambo la chombo, si la baba wa familia. Mashine ya kutafsiri iliyofundishwa kwa maandishi ya Dar es Salaam na Nairobi inaweza kuanguka katika shimo hilo kwa sekunde moja, bila kusita na bila kuuliza. Kwenye karatasi ya Kifaransa, ndugu aliyepotea anageuka mtumishi wa nyumbani, na mtumishi hatafutwi kama ndugu.

Ndiyo maana habari ya watu kufanya kazi pamoja na akili bandia si ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani peke yake. Inamgusa pia anayelala chini ya turubai.

Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka katika tarafa ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mamia ya watu wameuawa na maelfu wamehama. Vijiji vya Ubundu na Opala viliguswa vilevile. Kila familia iliyohama ina maneno yake: nani alikufa, shamba la nani liko wapi, mtoto gani alipotelea njiani. Wanaoandika maneno hayo ni wachache, na wanaosema ni wengi. Kwa hiyo kishawishi cha kumwachia simu kazi yote kinaeleweka. Mtu anasema, mashine inaandika, mashine inatafsiri, faili inaondoka. Ni rahisi na ni haraka.

Swali ni moja: mtu na mashine wakiungana, kazi inakuwa bora kweli? Watu wengi wanajibu ndiyo bila kufikiri, kwa sababu vichwa viwili vinashinda kimoja. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walilichunguza jambo hilo. Mwaka 2024, katika jarida la Nature Human Behaviour, walitoa matokeo ya kuunganisha tafiti 106 zilizokwisha kufanywa. Kwa wastani, mtu na mashine pamoja walifanya vibaya kuliko yule aliye bora kati yao akiachwa peke yake. Hasara ilionekana zaidi katika kazi za kuamua. Faida ilionekana zaidi katika kazi za kutunga. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo Kisangani inapaswa kulishika: pale ambapo mtu ndiye aliyekuwa hodari kuliko mashine, muungano ulileta faida. Pale ambapo mashine ndiyo iliyokuwa hodari, mtu alipoingiza mkono aliharibu.

Basi kila kazi ianze na kuuliza nani anaijua zaidi. Katika kutafuta jina lililoandikwa mara mbili kwenye orodha ya watu elfu kumi, mashine inashinda, na mwandishi aliyechoka saa kumi za jioni asishindane nayo. Lakini katika kusikia Kilengola na Kimbole, lugha ambazo karibu hazina maandishi ya kufundishia mashine yoyote, bibi wa miaka sabini asiyejua kusoma anaishinda kompyuta kubwa ya Marekani. Hata Kiswahili cha Kongo kimechelewa kutambuliwa. Wakati wa Korona, mwaka 2020, mradi wa TICO-19 wa kutafsiri habari za ugonjwa ulikiweka Kiswahili cha Kongo peke yake, mbali na cha pwani. Waliofanya hivyo waliona sawasawa: jina ni moja, masikio ni mawili.

Mifano ya kazi iliyogawanywa vizuri ipo, na mmoja hauko mbali. Kule Yangambi, chini ya mto, toka 1937 mpaka 1958 wafanyakazi wa kituo cha utafiti waliandika kwa mkono mti upi ulitoa maua, upi ulizaa, upi ulipukutisha majani. Karatasi hizo zilipigwa picha, na katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms watu wa kujitolea walizisoma kwenye intaneti alama kwa alama. Kompyuta ilikusanya na kuhesabu; jicho la mtu ndilo lililosoma. Leo msitu wa Tshopo unaweza kusema ulikuwaje kabla ya uhuru.

Mfano wa pili ni wa redio. Uganda, ofisi ya Umoja wa Mataifa iitwayo Pulse Lab Kampala, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini, ilijenga mashine ya kusikiliza vipindi vya redio katika Luganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda. Mashine iliokota vipande vyenye maneno yaliyotafutwa. Kisha watu wanaozijua lugha hizo walivisikiliza na kusema maana yake. Mashine haikuambiwa iamue. Iliambiwa ipunguze rundo.

Kuna wanaopinga, na neno lao lina uzito. Wanasema mkalimani naye ni mtu wa upande. Katika mgogoro wa makabila mawili, Mlengola atafsiriwe na Mmbole, au Mmbole na Mlengola? Mashine haina kabila, haina shamba, haina ndugu wa kulipizia kisasi. Ni kweli. Lakini kutokuwa na kabila si kuelewa. Anayekosea kwa bahati mbaya na anayekosea kwa makusudi, wote wawili wanamwacha mama bila ndugu yake. Dawa si kumfukuza mkalimani. Dawa ni kuweka wakalimani wawili, mmoja wa kila upande, na sauti iliyorekodiwa kama shahidi wao. Wakitofautiana, sauti inasikilizwa tena. Hapo mashine inafanya kile inachoweza kuliko mtu: kukumbuka neno kama lilivyotamkwa.

Hatari nyingine ni ya sauti yenyewe. Katika nchi yenye vita, sauti yenye jina na kijiji inaweza kuua. Mtu anayerekodiwa ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, sauti yake inakwenda wapi, nani ataisikia, na kwamba akikataa hatanyimwa chakula.

Kwa hiyo redio, mashirika ya msaada na ofisi za serikali zinazotaka kutumia mashine hizi zishike mambo manne. Kwanza, hakuna maneno ya mkimbizi yatakayopelekwa mbele kabla hajasomewa tena, naye akasema «ndiyo, ndivyo nilivyosema». Pili, wakalimani wa Kimbole na Kilengola walipwe, maana ujuzi wao ni kazi kama nyingine. Tatu, wakalimani wawe wa pande zote mbili. Nne, mashine iachiwe kuhesabu, kupanga na kutunza, si kuchagua nani apewe jetoni na nani arudishwe.

Hayo yatachelewesha foleni. Mama wa Ubundu atasimama nusu saa zaidi juani, na nusu saa hiyo ni nzito kwa mtu mwenye njaa. Lakini jina lililoandikwa vibaya linachelewesha miaka. Na yaya aliyebaki kule, kama bado ni mzima, anangojea mtu wa kuandika kwamba ana ndugu Kisangani.