Nafasi Nayo Huchapwa

Mteja alifungua faili langu la mahojiano, akaondoa nafasi zote kati ya maneno, akahesabu upya. Herufi 13,000 zikawa 11,050. Kwa kipimo tulichokubaliana cha herufi 65 kwa mstari, kile kile kinachotumika sana Marekani katika unukuzi wa rekodi za madaktari, mistari yangu 200 ikawa 170. Thelathini imeyeyuka, na kodi ya chumba haijapungua hata shilingi.

“Nafasi si kitu,” aliniandikia. Basi asome utafiti wake hivi: mamaalisematulihamausiku. Kidole gumba changu kiligonga kitu hicho ambacho si kitu mara 1,950.

Wapo wanaosema tuhesabu maneno, yaishe. Hapo ndipo anayenukuu Kiswahili anapoibiwa mchana kweupe. “Hatutawasahau” ni neno moja. Kiingereza kinahitaji matano kusema hilo hilo. Yaani lugha yangu imebana maana vizuri, halafu mimi nikatwe malipo kwa sababu hiyo? Na mistari ya kwenye skrini ndiyo kichekesho kabisa: kuza fonti, sogeza pambizo, 200 zinakuwa 260 bila kuchapa kitu. (Nakiri, nimewahi kushawishika.)

Herufi zihesabiwe pamoja na nafasi, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla sijavaa hedifoni. Nilidhani “herufi 65” inatosha. Jana ameniletea rekodi nyingine, dakika 74. Sijaifungua.