Wazazi, Siku ya Matokeo Ketini Nasi

Mwaka juzi kakangu alipata B katika KCSE. Udaktari aliouota, ule wa miaka 6 chuoni, ukamponyoka. Baba, aliyezoea kumwita “Daktari” mbele ya majirani, alinyamaza siku tatu. Kaka naye hakula. Jamani, kimya kile kilimuumiza kuliko ile gredi!

Siku ya nne mama alimwita mezani, wakatazama kozi nyingine pamoja. Sasa kaka anasomea stashahada ya maafisa wa kliniki, miaka 3. Wagonjwa atawatibu vilevile.

Wazazi wetu, karo mnalipa na dua mnatuombea, ahsanteni sana. Lakini matokeo yakija, ketini nasi kwanza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.